Norton ya 1956 na Mjadala wa Sanduku la Gia

Katika maswali yanayowagawa watu wazitunzao pikipiki za kale za Uingereza, ni machache yanayozusha ubishi mrefu kama hili: sanduku la gia likichakaa kiasi cha kutoaminika tena, mahali pake patiwe nini? Kwa mtu aliye mbali, swali hili ni la fundi na spana zake. Lakini alikaribiaye huona kuwa limebeba historia ya viwanda vilivyokwisha kufungwa, hesabu ya meno na mizunguko, uzito wa mkoba, na juu ya hayo yote dhamiri ya mtu aliyekabidhiwa kitu kilichoundwa na mikono ya watu ambao wengi wao hawapo tena duniani. Ili hoja zisigongane zikavunjana kabla ya kusikiwa, nimeitisha baraza la fikra, nikawaketisha humo wasemaji wanne: Muhifadhi, ambaye kwake asili ni amana, Bibi Msafiri, ambaye kwake pikipiki isiyokwenda safari ni pambo la chuma, Mwenye Kiasi, atafutaye njia ya kati, na Mzee Fundi, aliyefungua masanduku mengi hata ufasaha wa maneno haumlevyi tena. Nami nimejitwika kazi ya kuongoza mazungumzo na, mwisho wa mashauri, kutoa hukumu.

Kesi iliyo mbele ya baraza ni ya Norton Dominator 99 iliyoundwa mwanzo wa msimu wa 1956 mjini Birmingham, katika kiwanda cha Norton kilichokuwa Bracebridge Street. Injini yake ina mitungi miwili na ujazo wa sentimita za ujazo 596, na nguvu zake ni takriban za farasi 30. Fremu yake ni ile mashuhuri iitwayo Featherbed, iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast, ikaonekana kwa mara ya kwanza katika mashindano ya mwaka 1950 na kuwaacha washindani wengi nyuma. Injini ni nzima, fremu ni nzima, magurudumu hayana ila. Lakini sanduku la gia linanguruma, na gia ya pili huruka yenyewe ikarudi katikati kila mpandaji azidishapo moto.

Msomaji aliyezoea pikipiki za Kihindi zichukuazo abiria katika miji yetu, Bajaj Boxer au TVS, ambazo injini na gia zake zimefungiwa ndani ya ganda moja, yampasa ajue kwamba katika pikipiki hizi za kale sanduku la gia ni kiungo cha peke yake. Limeshikwa kwa bolti nyuma ya injini. Hupokea nguvu kwa mnyororo wa kwanza kupitia klachi, kisha huzipeleka kwenye gurudumu la nyuma kwa mnyororo wa pili. Na kwa kuwa ni kiungo cha peke yake, laweza kutolewa likatiwa jingine, na hapo ndipo ubishi unapopata mlango wa kuingilia.

Mwaka wenyewe umeongeza fitina. Norton za mwanzo wa 1956 zilitoka kiwandani na sanduku la kale la Norton, lile la kulala, liitwalo hivyo kwa jinsi mtambo wake wa kubadilishia gia ulivyolazwa. Na kabla mwaka haujamalizika kiwanda kiliacha sanduku hilo, kikatia lile la AMC, kampuni ya London iliyokuwa imeinunua Norton mwanzoni mwa miaka ya 1950, na iliyomiliki pia Matchless na AJS. Njia zilizo wazi kwa mwenye pikipiki, basi, ni tatu: kulijenga upya lile la kulala, kutia la AMC lenye gia nne, au kutia lenye gia tano la kizazi cha baadaye, ambalo hutengenezwa Uingereza au New Zealand ili likae mahali pa lile la AMC.

MUHIFADHI: Bwana Mwenyekiti, kitu cha kale hakina mwenyewe; kina mtunzaji tu, na mtunzaji hupita. Aliyeinunua Norton hii mwaka 1956 amepita au amezeeka, na huyu wa leo naye atapita, lakini pikipiki itabaki kuwa shahidi wa namna watu wa Birmingham walivyofikiri na walivyofanya kazi katika mwaka ule. Shahidi akibadilishwa ulimi si shahidi tena. Tazameni nasaba ya sanduku hili. Babu yake ni Sturmey-Archer wa Nottingham, tawi la kampuni ya Raleigh ambayo baiskeli zake zilipita katika njia za Afrika Mashariki kabla wengi wetu hatujazaliwa. Watu wa Sturmey-Archer walipoacha kuunda masanduku ya pikipiki katika miaka ya 1930, Norton waliurithi ubunifu wao, na kazi ya kuyaunda ikatiwa mikononi mwa Burman wa Birmingham. Na kwa kusahihishwa hatua baada ya hatua, urithi ule ndio uliotufikia katika umbo hili la kulala. Sanduku la namna hii hii lilikaa nyuma ya injini za Manx Norton, pikipiki za mashindano, wakati Geoff Duke alipokuwa akitamba katika mashindano ya Isle of Man. Lililostahimili vishindo vile, seuze matembezi ya Jumapili?

Aidha, sheria ya Uingereza yenyewe haikulidharau. Kwa miaka mingi ofisi ya usajili ilimtaka mtu ajengaye upya pikipiki awe na fremu ile ile, pamoja na viungo vingine viwili vikuu vya asili, navyo vilitajwa kwa majina: uma wa mbele, magurudumu, injini, na sanduku la gia. Ikiwa karani wa serikali, ambaye hana mapenzi na chuma, alilihesabu sanduku kuwa miongoni mwa viungo vya utambulisho, itakuwaje sisi tudaio mapenzi tulitupe kama kopo?

BIBI MSAFIRI: Bwana Muhifadhi amenena kwa ufasaha, nami namshukuru kwa nasaba aliyotupa, lakini amelisahau jambo moja ambalo hoja zake zote zimesimama juu yake. Watu wa Birmingham anaowatetea ndio wa kwanza kuliacha sanduku hilo. Mwaka haukwisha ila wamelitoa na kutia jingine, na hilo jingine likadumu katika Norton hadi Commando ya mwisho ilipotoka mwaka 1977. Ikiwa twataka kuwa waaminifu kwa waundaji, uaminifu wetu uwe kwa nia yao, na nia yao ilikuwa kuunda pikipiki iendayo vizuri kuliko ya mwaka uliotangulia. Hawakupata kuapa kuwa kazi yao ni kamili, na wala hawakuomba ihifadhiwe pamoja na ila zake.

Nami sipandi pikipiki kwa ajili ya makumbusho. Barabara za 1956 zilikuwa na magari machache, na mwendo wa wengi ulikuwa wa kiasi. Leo nyuma yangu lipo lori, na dereva wake hana habari kuwa mimi nimebeba historia. Nikipanda milima ya Wales nataka gia iliyo kati ya ile inayolia na ile inayozimia. Wala gia tano si bidaa iliyozushwa juzi. Katika Austria, Schafleitner aliziongezea Manx Norton idadi ya gia kwa ajili ya mashindano. Quaife wa Kent wamekuwa wakiunda gia tano tangu miaka ya 1960. Na Triumph wenyewe waliitia gia ya tano katika Bonneville mwanzoni mwa miaka ya 1970. Gia tano ni sehemu ya tarehe ya pikipiki za Kiingereza kama zilivyo hizo nne. Mwenye kuizuia historia katika mwezi mmoja wa mwaka mmoja hajaihifadhi; ameikata.

MUHIFADHI: Kipya kinyemi, Bibi, na nyemi yake hudumu mpaka kilipwapo. Kwanza ni gia ya tano, kisha ukanda wa mpira badala ya mnyororo wa kwanza, kisha breki za diski, kisha kitufe cha umeme cha kuwashia. Mwisho wa njia hiyo kuna pikipiki ya kisasa iliyovaa tangi la kale. Kama hiyo ndiyo haja, madukani zimejaa, na bei zake ni nafuu kuliko gharama za mageuzi haya.

BIBI MSAFIRI: Umeniwekea mdomoni maneno manne ilhali nimesema moja.

MWENYEKITI: Tumsikie Mwenye Kiasi, kisha Mzee Fundi atatupa mizani ya kuyapimia haya.

MWENYE KIASI: Nitasema kwa ufupi, kwa kuwa njia yangu haihitaji mapambo mengi. Sanduku la AMC la gia nne ni jamaa wa karibu wa lile la kulala: mpangilio wa gia zake za ndani umefuata desturi ya Norton, na kilichotengenezwa upya zaidi ni ule mtambo wa kubadilishia, uliolalamikiwa katika la zamani. Pedali imebaki upande wa kulia, na mguu uliofunzwa kwenye la kulala hauna haja ya kufunzwa tena: juu kwa gia ya kwanza, chini kwa zinazofuata. Mtu asiye mtaalamu akiitazama pikipiki akiwa amesimama kando, haoni kosa, kwa kuwa 99 zote zilizoundwa baadaye zilikuwa nalo.

Nyongeza ya hayo ni vipuri. Sanduku hili lilitumiwa katika Norton, Matchless na AJS, likaingia katika Norton Atlas na baadaye katika Commando. Na kampuni ya Andover Norton imeendelea kuuza vipuri vya Commando vilivyotengenezwa kwa kufuata michoro ya kiwanda. Mwenye sanduku la kulala hutafuta gia moja kwa miezi, tena akiipata huwa imekwisha kuliwa na injini ya mtu mwingine. Mwenye la AMC huagiza mpya. Muhifadhi ataka uaminifu, Bibi Msafiri ataka mwendo. Mimi nataka pikipiki ambayo, ikiharibika Jumamosi, haitakaa juu ya meza hadi mwaka wa pili.

MWENYEKITI: Mzee Fundi, umenyamaza muda mrefu.

MZEE FUNDI: Nilikuwa nikingoja mmoja wenu aniulize sanduku hili limekufa kwa ugonjwa gani. Hamkuuliza. Mmegombea urithi na maiti haijakaguliwa.

Gia ya pili inayoruka yenyewe aghalabu ni dalili kwamba yale meno ya ubavuni, yanayoifungamanisha gia moja na nyingine, yameliwa pembe zake yakawa mviringo, au kwamba ule uma mdogo unaoisukuma gia umepinda. Hayo ni magonjwa ya vipuri viwili au vitatu. Si sababu ya kulitupa sanduku zima. Mngurumo ni beringi, na beringi nyingi za masanduku haya ni za vipimo vya kawaida, zinauzwa na wafanyabiashara wa beringi kwa watu ambao hawajapata hata kuisikia Norton. Kinachotisha ni kimoja: ganda. Likiwa limepasuka penye kiti cha beringi, au kiti hicho kimepanuka hata beringi inazunguka ndani ya alumini, hapo kazi imekuwa kubwa, na mara nyingine haifai gharama yake. Ufa ulio mbali na viti vya beringi huchomelewa na mtu ajuaye kuchomea alumini ya kale, na kazi ikadumu. Kwa hiyo kabla ya asili na safari na kiasi, lifunguliwe sanduku, lioshwe, likaguliwe kwenye mwanga wa mchana.

Pili, atafutwe muuaji. Katika pikipiki hizi mnyororo wa kwanza hukazwa kwa kulivuta sanduku zima nyuma. Mwenye papara huukaza kupita kiasi, akaiweka shafti kuu chini ya mvuto usiokoma, na beringi zake hufa mapema. Au bolti za kulishikia sanduku huwa hazikukazwa vyema, na kila mpandaji azidishapo moto, mnyororo wa nyuma hulivuta likakaa upande, mistari ya minyororo miwili ikapotoka. Mtu akitia sanduku jipya bila ya kuliondoa kosa hilo, amemletea muuaji mgeni mwingine.

MUHIFADHI: Basi, Mzee Fundi, umenipa ushindi.

MZEE FUNDI: Nimekupa nafasi ya kujaribu, bwana wangu. Ushindi utategemea ganda, na utategemea pia iwapo gia unazozihitaji zapatikana zikiwa na ngozi yake ngumu ya juu. Gia ya chuma kilichokazwa kwa moto ikianza kubanduka ngozi hiyo, haiponi. Hubandua na jirani yake. Nimeona watu wa asili wakizirudisha gia zenye vidonda kwa sababu tu zina alama ya kiwanda. Huko si kuhifadhi, ni kuchelewesha mazishi.

MWENYEKITI: Na hoja ya Bibi Msafiri?

MZEE FUNDI: Bibi, nakuuliza kwa heshima: hiyo gia ya tano waitakia nini hasa?

BIBI MSAFIRI: Naitakia utulivu. Nikiwa katika barabara kuu, mwendo wa maili 60 kwa saa, nataka injini ipumue polepole, mtikiso upungue, na mikono yangu isife ganzi kabla ya kufika.

MZEE FUNDI: Hilo hutalipata humo. Sikilizeni, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Katika masanduku ya namna hii, ukiwa katika gia ya juu kabisa, shafti kuu na sproketi ya kutokea hufungamana zikazunguka pamoja kama kitu kimoja: mzunguko mmoja ukiingia, mzunguko mmoja hutoka. Ya nne ya sanduku la kale ni moja kwa moja. Na ya tano katika masanduku ya gia tano aghalabu nayo ni moja kwa moja. Basi ya tano yako na ya nne ya Muhifadhi ni gia ile ile yenye jina jingine. Gia iliyoongezwa imeingia katikati, haikuwekwa juu. Injini yako itazunguka vile vile kwa maili zile zile 60, nawe utakuwa umelipa.

BIBI MSAFIRI: Kumbe utulivu hutoka wapi?

MZEE FUNDI: Kwenye sproketi. Mwenye kutoa sproketi ya meno 19 nyuma ya klachi akatia ya meno 21, ikiwa nafasi ya mnyororo yaruhusu, hupunguza mizunguko ya injini karibu asilimia 10 kwa mwendo ule ule. Na bei ya kitu hicho ni sehemu ndogo mno ya bei ya sanduku. Hata Bwana Muhifadhi hana la kusema, kwa kuwa viwanda vyenyewe viliuza sproketi za meno mbalimbali, kila mtu akachagua kwa kadiri ya milima ya kwao.

BIBI MSAFIRI: Nakubali hesabu hiyo, Mzee Fundi, lakini haijaisha. Ukiinua gia ya juu kwa sproketi, umeziinua zote. Gia ya kwanza nayo imekuwa ndefu, na mtu akiwa amepakia abiria na mizigo, akasimama katika mwinuko, itambidi aisugue klachi mpaka inuke ndipo pikipiki iondoke.

MZEE FUNDI: Hapo umenena haki, na hapo ndipo gia tano zinapopata hoja iliyo safi. Tazameni uwiano wa sanduku la AMC kama lilivyojulikana katika Commando: ya kwanza 2.56, ya pili 1.70, ya tatu 1.22, ya nne 1. Kutoka ya tatu kwenda ya nne mizunguko hushuka kwa chini ya sehemu moja ya tano, nayo ni hatua ya kupendeza. Lakini kutoka ya kwanza kwenda ya pili hushuka kwa theluthi nzima: injini iliyokuwa inazunguka mara 4,500 kwa dakika hujikuta karibu na 3,000. Hiyo ndiyo ngazi yenye kipandio kirefu ambayo Bibi ameilalamikia alipotaja milima ya Wales. Gia tano huufupisha urefu huo, tena huruhusu ya kwanza iwe fupi zaidi hata sproketi kubwa isimtese mwenye abiria.

MWENYE KIASI: Je, kwa injini hii haja hiyo ipo?

MZEE FUNDI: Swali zuri. Injini ya mashindano, ambayo nguvu zake zote zimerundikana juu katika mizunguko michache, haina budi kupewa gia nyingi, la sivyo kila badiliko huitupa nje ya nguvu zake. Injini ya 99 si hivyo. Huvuta tangu chini, na ikianguka kwenye mizunguko 3,000 bado ina pumzi ya kuinuka tena. Kwa mpandaji wa peke yake, katika nchi ya vilima vya kawaida, gia nne zatosha, na ya tano itakuwa ni mazoezi ya mguu. Kwa mwenye abiria na mizigo, anayevuka safu za milima mara kwa mara, ya tano ni ihsani ya kweli. Lakini ajue pia kwamba gia tano zikikazwa ndani ya urefu ule ule uliokuwa wa nne, kila gia huwa nyembamba. Usalama wake basi umo katika ubora wa chuma na usahihi wa mkato, na asinunue kwa kutazama bei peke yake.

MWENYE KIASI: Naona mashauri yote mawili yanarudi kwangu.

MZEE FUNDI: Usitangulie, bwana. Sanduku lako nalo lina mitego yake. La kwanza, jina la AMC lisikudanganye ukadhani yote ni mamoja. Ganda lililoundwa kwa Matchless au AJS halikukusudiwa vishikio vya Norton, na shafti kuu yake si ya urefu mmoja na ya Norton. Kadhalika shafti ya Commando imefanywa kwa klachi yake yenyewe. Katika minada ya vipuri utaambiwa, kwa kiapo, kwamba vyote huingiliana. Vingi vya ndani huingiliana, lakini mwenye kununua ganda kwa jina bila ya kuligeuza na kulipima hurudi nyumbani na uzito wa mizani. La pili, mwenye fremu iliyokuwa na la kulala atazame vibao vya kushikia injini na sanduku, mstari wa mnyororo wa kwanza na kifuniko chake, nyaya na fimbo ya klachi. Kiungo kimoja kikibadilishwa, jirani zake huja kudai haki.

La tatu ni beringi ya shafti ya chini. Injini zilipokuwa zikiongezewa nguvu mwaka hadi mwaka, mpaka Commando ikapita nguvu za farasi 50, sanduku lililozaliwa kwa kazi nyepesi zaidi lilianza kulipa deni: beringi ile ya vigololi ilivunjika katika pikipiki nyingi, na mara nyingine kwa hatari. Dawa yake yajulikana, nayo ni kutia beringi ya rola badala ya vigololi. Nyuma ya injini ya farasi 30 hatari hiyo ni ndogo, lakini maadamu sanduku limefunguliwa, mwenye akili haliachi lifungwe na beringi ya zamani.

MUHIFADHI: Nina neno moja la kumwuliza Bibi Msafiri, na nitaridhika. Ukitia la gia tano, lile la kulala utalifanya nini?

BIBI MSAFIRI: Nilikuwa na nia ya kuliuza ili kupunguza gharama.

MUHIFADHI: Hapo basi ndipo ugomvi wetu ulipo, wala haupo katika idadi ya gia. Fungia lolote upendalo, lakini usiitenganishe pikipiki na mfupa wake. Ukiliuza leo kwa bei ya vipuri, aliye baada yako atalitafuta kwa mara kumi ya bei hiyo, na hatalipata lile lile.

BIBI MSAFIRI: Hilo nalikubali. Na wewe nawe unikubalie hili: kwamba atakayelijenga upya la kulala, kisha akaogopa kuipanda pikipiki asije akaliharibu, hajahifadhi pikipiki, amehifadhi umbo lake.

MUHIFADHI: Nakubali, na shingo upande.

MWENYEKITI: Jamaa wa baraza, maneno yametosha, na sasa hukumu.

Nimeona kwamba wasemaji watatu wa kwanza, kila mmoja kwa ghera yake, walianza kwenye jibu, na Mzee Fundi peke yake ndiye aliyeanza kwenye swali. Kosa hili si lao pekee. Mwenye pikipiki ya kale huvutwa kuchagua sanduku kwa picha aliyonayo ya nafsi yake: huyu ajiona mlinzi wa urithi, yule ajiona mpanda milima, na wa tatu ajiona mtu mwenye busara asiyeelemea upande, kisha kila mmoja huzitafuta sababu za kuipamba picha hiyo. Sanduku halijui picha ya mtu. Lajua uzito unaolipita, mstari wa minyororo, na hali ya beringi zake.

Kwa sababu hiyo nahukumu kwamba mpango wa kuchagua uwe huu. Kwanza lifunguliwe lililopo, na sababu ya kufa kwake ijulikane na kuondolewa, kwa kuwa bila ya hilo kila uchaguzi ni batili. Ganda likionekana zima, na gia za kutia zikapatikana bila ya vidonda, lijengwe upya lile la kulala: si kwa kuwa ni bora kuliko yote, bali kwa kuwa limo tayari, laingia bila ya kubadilisha jirani hata mmoja, na hoja ya Muhifadhi haina gharama mahali hapo. Anayetaka utulivu wa barabara kuu aanze kwenye sproketi. Ganda likionekana limeharibika penye viti vya beringi, litiwe la AMC la gia nne lililokuwa la Norton, lililopimwa kabla ya kulipiwa, na beringi yake ya shafti ya chini ibadilishwe siku ile ile. Na gia tano zitiwe na yule aliyekwisha kuipanda pikipiki yake ikiwa na sproketi sahihi, na abiria wake, na milima yake, akaona kwa yakini kuwa kipandio kile cha kwanza ni kirefu kwake. Asitie aliyeambiwa tu kwamba tano ni nyingi kuliko nne.

Masharti mawili yanawafunga wote, wala sikumwona hata mmoja barazani aliyeyapinga. La kwanza ni kwamba fremu isikatwe, isitobolewe wala isichomelewe kwa ajili ya sanduku lolote, kwa kuwa kilichofungwa kwa bolti hurudishwa, na kilichokatwa hakirudi. La pili ni kwamba kile kitolewacho kipakwe mafuta, kifungwe vyema, kiandikwe kimetoka katika pikipiki ipi na kwa sababu gani, kisha kikabidhiwe pamoja na pikipiki siku itakapouzwa. Ewe uliye na pikipiki ya namna hii, Birmingham au kokote iliko, uhuru wako wa kuchagua leo ni mkubwa. Basi usimnyime atakayekuja baada yako uhuru kama huo.